Volyumu Yenye Alama Nyekundu

Akiru mwanangu,

Mama yako anadhani nimepanda huku kilimani kumkimbia, kwa sababu nyumba imejaa shangazi zako na masanduku na moshi wa chapati, na kila ninapokanyaga naambiwa nazuia njia. Kuna ukweli kidogo hapo. Lakini kilichonileta hasa ni kile kifaa chako ulichokiacha juu ya meza ya kazi na kukifunika kwa gazeti. Nimekibeba mpaka huku kwenye chumba cha redio, nimekiunganisha na antena, nimekiwasha. Sasa mchana umekolea na mabati yanalia kwa joto. Nimekaa mbele yake na karatasi hizi, hedifoni sikio moja, nikingoja nione kama kitatuaibisha au hakitatuaibisha.

Kesho alfajiri lori la Merti linakuchukua. Kaunti imekupa chumba cha redio cha kule, ambacho kimekaa kimya muda mrefu kwa kukosa fundi, na wewe umekubali kazi ambayo vijana wengine wa mji huu waliikataa kabla hata ya kumaliza kusoma tangazo. Hilo tumeshaligombania, mimi na mama yako na nusu ya mtaa, na wewe umeshinda. Sina neno. Ninachoandikia ni hiki kifaa. Nilipokuuliza utakipakia wapi, hukupaza sauti. Ulisema tu, "Baba, hiyo kitu ilikata mama ya watu mguu. Siendi nayo." Tangu hapo hatujaongea ila kuombana chumvi.

Maagizo sina. Mama yako amekupa ya kutosha, kuanzia maji ya kuchemsha hadi aina ya watu wa kuwafungulia mlango. Tena ameniwekea sharti: barua hii ataisoma kabla ya kufungwa, na asipoielewa ataitumia kuwashia jiko. Kwa hiyo utanivumilia nikieleza vitu unavyovijua kuliko mimi. Namweleza yeye. Lakini sikiliza na wewe, kwa sababu safari hii sitaki uniamini kwa kuwa mimi ni baba yako. Nataka uamini saketi yako mwenyewe.

Mama Akiru, hii ndiyo kesi. Galgalo, yule mzee Mborana aliyewahi kutuletea maziwa ya ngamia, anachunga ng'ambo ya Merti. Ana redio ndogo ya mkononi. Akitaka kutuita hupanda mpaka juu ya ule mlima ulio nyuma ya Merti, na sauti yake inafika hapa Isiolo imechoka sana, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Akiru akatengeneza amplifaya ya kumsogeza. Ikafanya kazi. Tulimsikia Galgalo akikohoa! Kisha siku moja mwezi uliopita, adhuhuri yenye jua kama la leo, Galgalo aliita nikiwa peke yangu humu ndani, kifaa kikapiga mluzi, nikampoteza. Alikuwa anaita kusema kwamba mkewe Kabale ameumwa na nyoka, gari litumwe haraka. Ujumbe ukaja kufika Merti kesho yake kwa pikipiki. Kabale alipona, ila mguu ulikatwa chini ya goti.

Akiru anasema kosa ni la kifaa. Mimi nasema ni la mkono wangu. Nimesema hivyo tangu siku ya kwanza, nimesema mbele ya mkubwa wa kazi na mbele ya Galgalo mwenyewe pale hospitalini. Kila mtu amekubali isipokuwa huyu binti yako, ambaye anaona namkinga.

Basi tuingie ndani ya kifaa chenyewe.

Kapasita, Mama Akiru, ni vipande viwili vya bati vinavyotazamana bila kugusana. Umeme unakaa juu yake, upande mmoja umezidiwa na mwingine umepungukiwa, na kwa sababu hiyo pande hizo mbili zinavutana. Ukishavijaza, jaribu kuvitenganisha kidogo zaidi. Utaona ni kazi, maana vinakataa kuachana. Sasa ile kazi ya mkono wako haikupotea. Umeme uliopo ni uleule, haukuongezeka hata chembe, lakini umepanda volti, una nguvu zaidi ya kusukuma kuliko ulivyokuwa mwanzo. Nguvu hiyo umeitia wewe kwa kuvuta.

Unganisha kapasita hiyo na koili ya waya, na umeme hautatulia tena. Utatoka kwenye bati, upite kwenye koili, ujae upande wa pili, urudi, uende, urudi, kwa mwendo wake uleule siku zote. Mawimbi ya Galgalo yakifika kwenye antena, na kama mwendo wake unalingana na huo, yanautingisha umeme ule kidogo. Kidogo sana. Ujanja wote wa kifaa cha binti yako uko hapa: kila umeme unapojaa kwenye bati, vuta bati. Ukiwa umehama, bati ni tupu na umeme uko safarini kwenye koili, rudisha bati mahali pake. Kurudisha ni bure, kwa sababu wakati huo hakuna kinachovutana. Ukijaa upande wa pili, vuta tena. Kwa kila kwenda na kurudi umevuta mara mbili na kurudisha mara mbili, na kila ulipovuta umetia nguvu kidogo. Ule mtikisiko mdogo wa Galgalo unakua.

Akiru, unakumbuka bembea? Mama yako anakumbuka, kwa sababu ni yeye aliyekataa kamba yangu ya kwanza. Nilifunga tairi la lori kwenye ule mgunga wa nyuma ya nyumba, nikawa nakusukuma kila jioni mpaka mabega yanauma. Siku moja uliniambia, "Baba, wacha." Ukasimama juu ya tairi, ukachuchumaa kwenye ncha, ukanyanyuka ulipopita chini katikati, ukachuchumaa tena kwenye ncha ya pili, ukanyanyuka tena katikati. Hakuna aliyekusukuma. Hukuwa umegusa ardhi. Na bembea ikapanda mpaka nikaanza kupiga kelele ushuke. Ulikuwa unafanya hesabu hiihii kwa magoti yako, mara mbili kwa kila mzunguko, nami nikasimama pale mikono imening'inia, nimeumia kidogo kwamba sihitajiki.

Nimesimamisha kalamu kusikiliza. Mshale wa mita uko palepale ulipokuwa nilipoanza, labda umepanda unywele mmoja. Mluzi hakuna. Joto bado halijafika kileleni.

Naendelea. Hakuna mkono unaoweza kuvuta bati mamilioni ya mara kwa sekunde, ndipo tunahitaji ile dayodi ndogo uliyoitoa kwenye televisheni mbovu ya shangazi yako, naye bado anauliza televisheni yake iko wapi. Ukiipa dayodi ile volti za kinyume, ndani yake pengo linafunguka na inageuka kuwa kapasita. Ukizidisha volti pengo linapanuka, ukipunguza linasinyaa. Kapasita ya kawaida ina kipimo kimoja mpaka kufa. Hii haina msimamo, kipimo chake kinafuata volti, na huo utundu wake ndio tunaoutumia badala ya mkono. Volti za kuitikisa zinatoka kwenye saketi nyingine ya pembeni ambayo sisi tunaiita pampu, nayo inakimbia karibu mara mbili ya mwendo wa mawimbi ya Galgalo.

Mama yako atauliza kwa nini hatukununua tu amplifaya ya transista kutoka Nairobi. Tulikuwa nayo. Transista inakuza kwa kupitisha umeme ndani ya mwili wake, na umeme ukipita hivyo unaacha ile shhh unayoisikia kwenye redio. Ukimkuza Galgalo, unaikuza na shhh ya transista yenyewe, mwishowe unapata shhh kubwa yenye mzee mdogo ndani. Kapasita haichomi kitu. Inapokea na kurudisha. Kwa hiyo kifaa hiki kinamwinua mtu bila kumrushia vumbi jingi.

Kuna jambo moja sikukwambia, Akiru. Pampu haijui Galgalo ataanza kuongea lini. Ikivuta wakati bati ni tupu na kurudisha wakati limejaa, badala ya kumpa nguvu inamnyang'anya. Mimi nilidhani utakwama hapo, na nilikuwa nimeshajiandaa kuja kukukwamua kwa maringo. Ukaweka koili ya tatu. Ile tofauti kati ya mwendo wa pampu na mwendo wa Galgalo ikapata mahali pake pa kukaa na kucheza, na sauti ya Galgalo na hiyo tofauti zikawa zinajipanga zenyewe na pampu, bila mtu kulenga wakati. Ulinionyesha jioni, nikainama nikajifanya nakagua lehemu. Nilikuambia kiungo kimoja hakijashika vizuri. Kilikuwa kimeshika. Sikutaka uone uso wangu.

Mshale umepanda. Sasa hivi. Nimeweka hedifoni masikio yote mawili. Shhh imenenepa, na mabati juu yangu yamebadilisha sauti. Sitadanganya, naogopa, kwa sababu hiki ndicho ulichonionya. Ulisema joto linaisogeza dayodi, saketi nzima inahama kidogo, na pale ulipoweka alama kwa rangi yako nyekundu ya kucha, penye usalama wa asubuhi, adhuhuri si salama tena. Ulisema hata nisingegusa kitu siku ile, kifaa kingepiga mluzi chenyewe. Hayo ndiyo madai yako. Nami jibu langu ni kukaa hapa, volyumu ya pampu ikiwa kwenye alama yako sawasawa, na mikono yangu juu ya karatasi.

Tumekubaliana hivi, mimi na nafsi yangu, kwa kuwa wewe huongei na mimi: kikipiga mluzi, nitaandika hapahapa, kwa kalamu hii, kwamba ulikuwa na haki. Utakiacha, na nitakusaidia kukibomoa kabla ya jua kuzama. Itaniuma sana. Lakini sitakupakia kitu cha kuua watu ili tu nionekane sikukosea juu yako.

Wakati tunangoja nikueleze pampu ikizidi inakuwaje, maana hapo ndipo ugonjwa wangu mimi ulipo.

Saketi yoyote ina mahali inapovuja nguvu. Pampu inaziba uvujaji huo. Ukiongeza pampu, kinachovuja kinapungua na sauti inakua. Ongeza tena, inakua tena, na kadiri unavyokaribia mpaka, mguso mdogo wa volyumu unaleta mabadiliko makubwa. Ukifika pale ambapo hakuna kinachovuja kabisa, saketi haihitaji tena mtu wa kuiita. Inaanza kuimba yenyewe, na redio ikishajaa wimbo wake yenyewe haisikii tena sauti ya mtu.

Nilijifunza hivyo nikiwa na umri wako, kwenye kituo cha setilaiti huko bondeni, kabla sijarudi nyumbani Isiolo. Amplifaya za aina hii zilikuwa mashine za kuheshimiwa, zinapozwa kwenye sanduku lao, na sisi vijana tulikatazwa kuzisogelea bila mkubwa. Zamu moja sauti ilikuwa hafifu, wageni walikuwa nyuma yangu wanatazama, nikaona niwaonyeshe. Nikaongeza pampu. Mashine ikalia. Kisha ikanyamaza kabisa, dayodi imekufa. Mkubwa hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ulikuwa unamsikia, sivyo?" Nikasema ndiyo, kidogo. Akasema, "Basi ulitaka nini zaidi?"

Mpaka leo ndivyo nilivyo. Mimi ni mtu wa kuongeza. Ulipokuwa kidato cha pili ulipata alama nzuri za fizikia, nikauliza za hesabu ziko wapi. Ulipoleta za hesabu nikauliza nani alikuwa wa kwanza. Nilikuwa naongea juu ya masomo yako mezani, njiani, kanisani watu wakiwa bado hawajatoka. Kidato cha tatu ukaacha kunionyesha kitu chochote. Ukawa unajibu vizuri, kwa adabu, "Ndiyo Baba, sawa Baba," na mimi nikadhani mambo yananyooka. Ni mama yako aliyeniambia kwamba binti yangu anaitikia tu, haongei. Nilikuwa nimeishi na mluzi mwaka mzima nikidhani ni habari njema. Nikanyamaza, kwa shida, unajua ilivyo shida kwangu. Baada ya muda ukaja mwenyewe jioni moja na ile televisheni ya shangazi umeifungua vipandevipande.

Mshale umesimama. Umepanda zaidi ya nilipokiwasha, upana wa kucha hivi, na hapo umekaa. Nimegusa mabati kwa kiganja nikakitoa upesi. Kwa hiyo ni kweli, joto linasukuma kifaa chako. Hilo ulilisema na nilibisha, naandika hapa kwamba ulikuwa sahihi. Lakini hakijapiga mluzi. Uliacha nafasi, Akiru. Ulipoweka ile alama hukuiweka pale panapopiga kelele nzuri zaidi, uliiweka nyuma yake, na ile nafasi uliyoiacha ndiyo joto linaichezea sasa bila kuimaliza. Mimi nisingeiacha. Mimi ningeiweka ukingoni kabisa.

Sasa nikwambie siku ile ilivyokuwa, kwa sababu hukuniuliza hata mara moja. Ulikuja ukasikia habari ya mluzi, ukaona uso wangu, ukajihukumu.

Galgalo aliita akiwa mbali sana na betri yake inakufa. Lakini wewe unamjua Galgalo. Mzee wa heshima hawezi kufungua mdomo na kukutupia msiba. Alinisalimia. Salaam aleikum. Nagaa? Nikajibu nagaa, amani tu. Watu wa nyumbani? Amani. Ng'ombe wa shemeji zangu? Amani. Mvua huko? Bado. Binti? Mzima. Mama yake? Mzima. Mkewe amelala chini na sumu mguuni, naye ananiuliza juu ya mvua, kwa sauti iliyotulia, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, na mimi nimelelewa kumjibu. Lakini masikio yangu yakasikia kitu. Kulikuwa na pumzi katikati ya maneno. Nikajua salamu hizi zimebeba jambo. Badala ya kumngoja afike, nikataka kumsikia vizuri zaidi, upesi zaidi. Nikashika volyumu. Nilimsikia, Akiru. Kila neno nilikuwa nimelisikia mpaka hapo. Nikapita alama yako, sauti ikafunguka vizuri ajabu, nikasikia hata upepo wa mlimani kwake, na nikasukuma kidogo tena. Akasema, "Sasa fundi, sikia maneno." Na maneno yenyewe yakaja ndani ya mluzi.

Nilipunguza mara moja, lakini betri yake ilikuwa imekwisha. Basi.

Ulikaa na Kabale hospitalini siku ngapi sijui, ukimlisha uji. Hukuniambia mlizungumza nini. Uliporudi ukafunika kifaa kwa gazeti. Nadhani mguu ule unautazama ukidhani ni wewe. Sasa niko hapa, jua liko pale lilipokuwa siku ile, volyumu iko kwenye alama yako, na kifaa kinanong'ona kama kinavyotakiwa. Kama si joto, na si koili, na si dayodi, imebaki nini? Umebaki mkono wangu. Upokee ukweli huo hata kama hukupenda ulikotoka.

Lakini kuna kitu bado kinanikosesha raha. Galgalo hajaita tangu atoke hospitalini na mkewe. Saa zake za kuita zinapita, nakaa, naondoka. Kifaa kinaweza kunong'ona vizuri siku nzima na kisilete mtu. Labda amekasirika. Angekuwa na haki. Na wewe unaenda kukaa kwao, Mturkana peke yake kati ya Waborana, kwenye chumba cha redio cha Merti, na watu hapa mjini wameshaniuliza kwa kejeli unaenda kufanya nini huko. Mama yako halali kwa ajili hiyo. Anakunja nguo zilezile mara tatu. Mimi najifanya simwoni.

Ngoja.

Kuna mtu.

Akiru, nimerudi kwenye karatasi, na utaniwia radhi kwa mwandiko. Ilikuwa yeye. Nilisikia kwanza kile kikohozi. Halafu, chini sana, chini ya shhh, "Fundi. Fundi, uko? Salaam aleikum."

Nikamjibu. Akaanza: nagaa? Nagaa. Watu wa nyumbani? Wazima. Mvua? Nikasema bado. Akaniuliza juu ya ng'ombe wa watu ambao hata siwajui. Sauti ikawa inazama, inapanda, inazama. Neno moja nalipata, moja linanipita. Na mkono wangu, Akiru, ulikuwa tayari kwenye volyumu. Sikuutuma. Ulienda wenyewe kwa mazoea ya miaka mingi. Nikautoa, nikaukalia. Nakuambia ukweli, mzee mzima, fundi wa kaunti, nimekalia mkono wangu wa kulia kwenye kiti cha plastiki, jasho linanitoka, namwambia mtu nagaa, nagaa, nagaa, na nimefumba macho nikiogopa kitakachofuata salamu.

Salamu zikaisha. Hazikuwa zimebeba msiba. Alisema Kabale yuko nyumbani. "Anatembea na miti mbili, anagombanisha kila mtu. Hata mbuzi anagombanisha." Nikacheka, nadhani nililia pia kidogo, haikuhusu. Kisha akauliza, "Ile msichana yako anakuja lini?"

Nikasema nani amekuambia anakuja.

"Yeye mwenyewe aliambia Kabale hospitali. Alisema atakaa Merti, atasikia sisi. Kabale ananiuliza kila siku. Sasa mimi nimepanda mlima leo kuuliza."

Nikasema, kesho.

Redio ikakatika kidogo, nikadhani betri. Kisha akasema, pole pole, na nimeiandika ilivyotoka: "Mwambie aje na hiyo kitu yake. Mimi nimezeeka, fundi. Akiwa na hiyo hapo Merti, mimi sitapanda mlima tena, nitaongea nikiwa kwa boma. Kabale pia ataongea. Yeye hawezi panda."

Sikuwahi kufikiria hilo. Nilikuwa nataka ukibebe ili nisiwe baba aliyekuharibia kazi yako. Kabale anataka ukibebe kwa sababu ana mguu mmoja na mlima haupandiki.

Mama yako sasa atakuwa amefika hapa anasoma akilia, kwa hiyo nafupisha. Nimekizima, nimekifunga kwa lile blanketi la bluu, nitakiweka chini kabisa ya sanduku lako usiku huu ukiwa unaaga marafiki. Alama yako nyekundu iko ilivyokuwa. Sikuigundisha volyumu, maana huko kuna joto lingine na utahitaji kuisogeza. Utajua mahali pake, na utaacha nafasi, kwa sababu wewe ndiwe uliyenyanyuka juu ya tairi bila kusukumwa.

Alfajiri usinitafute kwenye lori. Nitakuwa nimeshapanda huku. Mitambo ya Merti ina nguvu, ukiniita nitakupata vizuri bila kifaa. Ukifika, niite. Nisalimie kwanza, kwa urefu unaotaka wewe. Niulize mvua, niulize mama yako, niulize hata televisheni ya shangazi. Nitajibu moja moja, na mkono wangu nitaukalia.

Baba yako.